Kwa nini tovuti za takataka ndizo zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji?

#1 Mpekuzi

Wakuu, salaam. Kila ninapotafuta jambo la maana mtandaoni, iwe ni namna ya kuondoa hitilafu kwenye kompyuta, ulinganisho wa vifaa viwili au maelezo ya dawa fulani, kurasa tano au sita za mwanzo zinafanana mithili ya nakala zilizotolewa kwenye mashine moja. Kichwa kinarudia swali langu neno kwa neno, aya za utangulizi zinanieleza kwamba swali hilo huulizwa na watu wengi, matangazo yanajipenyeza kila baada ya sentensi mbili, na jibu lenyewe ama halipo kabisa ama limefichwa mwisho wa ukurasa.

Dai langu ni hili: injini za utafutaji zinazitambua tovuti hizi vizuri kabisa, ila zinaziacha kwa sababu zinaingiza fedha. Kurasa hizo zimejaa matangazo, na mara nyingi anayeyasambaza ni kampuni ileile inayomiliki injini ya utafutaji. Mwenye maelezo mengine ayalete, lakini aje na ushahidi.

#2 Fundi Seva

Dai ni zito, ila umeruka hatua. Takataka zilikuwepo kabla ya hiyo biashara unayoilaumu. Katika miaka ya 1990, enzi za injini ya utafutaji ya AltaVista, watu walijaza maneno yasiyohusiana na mada chini ya ukurasa, kwa maandishi meupe juu ya usuli mweupe, ili binadamu asiyaone lakini roboti, yaani programu ya injini inayosoma kurasa, iyasome. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, katika makala yao ya mwaka 1998, walilalamikia hayahaya: kwamba matokeo yasiyo na maana yanafunika yale anayoyahitaji mtafutaji, na kwamba kufikia Novemba 1997 ni injini moja tu kati ya nne kubwa za kibiashara iliyoweza kujipata yenyewe pale jina lake lilipotafutwa.

PageRank, kanuni yao ya kupanga kurasa, ilikuja kama tiba ya hali hiyo. Kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kilihesabiwa kuwa kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ikapewa uzito mkubwa zaidi. Ilifanya kazi vizuri mpaka watu walipogundua kwamba kura hizo zinanunulika. Kwa hiyo mimi naona chanzo ni upimaji wenyewe. Kigezo chochote kitakachoamua nani atangulie, ilimradi kina thamani ya fedha, atapatikana mtu wa kuuza huduma ya kukidanganya.

#3 Bi Mkutubi

Historia ya Fundi Seva ni sahihi, lakini makala hiyohiyo aliyoitaja ina kiambatisho kinachomtetea mleta mada. Waandishi walieleza humo kwamba injini ya utafutaji inayoendeshwa kwa fedha za matangazo itaelekea kuwapendelea watangazaji na kuyapa kisogo mahitaji ya watafutaji. Waliyaandika hayo wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, kabla hawajawa wauzaji wa matangazo.

Mwaka 2003 kampuni yao ikaanzisha AdSense, mpango unaomwezesha mwenye tovuti yoyote kuweka matangazo na kulipwa. Kwa miaka mingi mgawo uliotangazwa ulikuwa asilimia 68 kwa mwenye tovuti na asilimia 32 kwa Google. Maana yake ni kwamba kila ukurasa wa ovyo wenye matangazo hayo ulikuwa na wanufaika wawili, na mmoja wao ndiye mwamuzi wa nani aonekane.

#4 Kalamu Kavu

Naandika kama mtu aliyewahi kuajiriwa kuziandika kurasa hizo. Tulikuwa tunaletewa orodha ya maneno muhimu ambayo watu wanayatafuta kwa wingi, pamoja na maelekezo: swali liwekwe kwenye kichwa, lirudiwe katika aya ya kwanza, makala iwe ndefu, na kila kichwa kidogo kiwe na neno muhimu lingine. Malipo yalikuwa kwa idadi ya maneno. Hakuna aliyelipwa kwa kukigusa kifaa anachokisifu. Nimeandika ulinganisho wa mashine ambazo sijawahi kuziona, kwa kuunganisha maoni ya wanunuzi yaliyoachwa kwenye maduka ya mtandaoni na maelezo yaliyoandikwa na mtengenezaji.

Ninachotaka mleta mada akizingatie ni kwamba fedha nyingi hazikutoka kwenye matangazo anayoyasema. Zilitoka kwenye viungo vya kamisheni: msomaji akibofya kiungo na kununua, tovuti inapata asilimia yake kutoka dukani. Injini ya utafutaji haina mgawo katika fedha hizo. Mwajiri wetu hakuwa na nia mbaya kwa wasomaji. Kwa kweli sidhani kama aliwahi kuwafikiria.

#5 Jicho la Tatu

Kumbe ni wewe, Kalamu Kavu, uliyeniaminisha kuhusu kile kisafisha hewa "bora kuliko vyote mwaka huu". Nakusamehe, ila kelele zake hazijakusamehe.

Kwa wanaotaka ushahidi, upo. Watafiti wa Ujerumani walithibitisha mwaka 2024 kwamba Google imeharibika kuliko injini zote. Mjadala huu ungeweza kuishia hapo.

#6 Bi Mkutubi

Usiufunge mapema, ndugu yangu. Utafiti huo ulifanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Leipzig, Chuo Kikuu cha Bauhaus cha Weimar na kituo cha ScaDS.AI, na haukusema hivyo. Walifuatilia maswali 7,392 ya watu wanaotafuta tathmini za bidhaa, kwa muda wa takriban mwaka mmoja, wakilinganisha matokeo ya Google, Bing na DuckDuckGo. Waliikuta shida hiyo katika injini zote tatu. Kurasa zilizotangulia zilikuwa na viungo vingi zaidi vya kamisheni, zimepangwa zaidi kwa ajili ya kuifurahisha injini, na zilionyesha dalili za uandishi wa kiwango cha chini. Waligundua pia kwamba injini zinapobadilisha kanuni zake matokeo huboreka, lakini nafuu hiyo haidumu.

Aidha, tathmini za bidhaa ni eneo moja tu, tena ndilo lenye fedha nyingi za kamisheni. Haifai kuutumia utafiti huo kuhukumu utafutaji wa kila aina.

#7 Jicho la Tatu

Zote tatu zimeharibika, basi hata hiyo moja imo humohumo. Tuendelee.

#8 Mpekuzi

Namshukuru Kalamu Kavu kwa uwazi wake, lakini hoja yake haiondoi yangu. Si lazima injini ipate mgawo wa moja kwa moja. Inatosha kwamba haipati hasara. Katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Google, Jaji Amit Mehta aliamua mwezi Agosti 2024 kwamba kampuni hiyo imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Hukumu hiyo inataja utafiti wa ndani wa mwaka 2020 ulioonyesha kwamba Google isingepoteza mapato ya utafutaji hata kama ubora wa huduma ungeshushwa kwa kiasi kikubwa. Hukumu hiyohiyo inaeleza kwamba mwaka 2021 kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili injini yake iwe chaguo-msingi, yaani ile inayokuja tayari imewekwa, kwenye simu na vivinjari. Sasa nijibuni: mwenye soko ambaye wateja hawaondoki hata bidhaa ikichacha, ana sababu gani ya kugharimika kusafisha?

#9 Fundi Seva

Anayo sababu, na amekwisha kugharimika mara nyingi. Novemba 2003 yalitolewa mabadiliko yaliyopewa jina la Florida, yaliyoziporomosha tovuti nyingi za kibiashara kwa usiku mmoja. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kutumia alama ya nofollow ili viungo vinavyomwagwa kwenye sehemu za maoni visihesabiwe kuwa kura. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazozitafuta, kwa kosa la kuionyesha roboti ukurasa tofauti na ule anaouona binadamu. Mwaka 2012 ikaja Panda iliyoyalenga mashamba ya makala, yaani tovuti zinazozalisha makala duni kwa wingi, kisha Penguin iliyolenga viungo vya kununua. Kampuni isiyojali isingejiingiza katika ugomvi na watu wenye mawakili.

#10 Mzee wa Faharasa

Fundi, Panda ni Februari 2011. Penguin ndiyo ya Aprili 2012. Tarehe hiyo ina umuhimu wake. Demand Media, kampuni iliyomiliki eHow na iliyokuwa mfano mkuu wa mashamba ya makala, iliingia kwenye soko la hisa Januari 2011, na mwezi mmoja baadaye Google ikatangaza mabadiliko yanayogusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani. Kwa hiyo, hata mimi ninayemwamini mleta mada kwa nusu, naona vigumu kusema kwamba waliwaacha makusudi; mashamba yale yalikuwa yamejaa matangazo ya AdSense, na bado yalipigwa.

Ila swali linabaki: kwa nini ilichukua miaka mingi kuyagusa? Nakumbuka tulikuwa tunayalalamikia tangu zamani.

#11 Mgeni Mwema

Habari zenu. Naomba niulize jambo ambalo naona mnalipita. Takataka ni takataka kwa nani? Mama yangu hufungua kurasa hizo mnazozikashifu, husoma aya mbili, hupata anachotaka na kuondoka akiwa ameridhika. Mtaalamu akiisoma makala hiyohiyo ataona ni ya kitoto. Je, kuna mpaka kati ya ukurasa mbovu na ukurasa wa takataka, au ni suala la ladha tu?

#12 Fundi Seva

Ndipo kazi ilipo ngumu. Kanuni za Google zinaangalia dhamira: ukurasa uliotengenezwa hasa kwa ajili ya kupanda kwenye matokeo, si kwa ajili ya kumsaidia msomaji. Lakini roboti haioni dhamira. Inaona maneno, viungo, kasi ya ukurasa na tabia za wanaobofya. Daktari asiyejua kuandika vizuri anaweza kuonekana kama tapeli, na tapeli aliyeajiri mwandishi hodari kama Kalamu Kavu anaweza kuonekana kama daktari. Tena msisahau kwamba Google yenyewe husema takriban asilimia 15 ya maswali yanayoulizwa kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Hakuna jopo la watu linaloweza kuyakagua hayo kwa mkono.

#13 Kalamu Kavu

Nashukuru kwa kuitwa hodari. Malipo yangu hayakulitambua hilo.

#14 Fundi Saa

Naleta kisa changu. Nina tovuti ndogo kuhusu ukarabati wa saa za mkono za zamani, haina matangazo wala kamisheni, na picha zote nimepiga mwenyewe nikiwa kazini. Siku moja nilitafuta sentensi yangu mwenyewe, nikaikuta kwenye tovuti nyingine, picha zikiwa zilezile, nayo ikinitangulia kwa mbali. Nilipochunguza anwani yake nikakuta kwamba kikoa hicho zamani kilikuwa cha taasisi ya elimu iliyokwisha kufungwa. Taasisi iliacha kulipia, mtu akakinunua, akarithi viungo vyote ambavyo vyuo na magazeti vilikuwa vimeielekezea taasisi hiyo kwa heshima.

Kwa hiyo mimi siyakubali maelezo ya Mpekuzi wala ya Kalamu Kavu. Aliyeninakili hakuhitaji kuandika chochote wala kujua mbinu za kupanga makala. Alinunua jina la marehemu.

#15 Mzee wa Faharasa

Kisa chako si cha peke yako. Blogu ya The Hairpin, iliyopendwa sana na wasomaji wake, ilifungwa mwaka 2018. Baadaye kikoa chake kikachukuliwa na mtu mwingine na kujazwa makala za akili bandia. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba matumizi ya namna hiyo ya vikoa vilivyokwisha muda ni ukiukaji wa kanuni, pamoja na uzalishaji wa kurasa kwa wingi bila thamani, na pia ile tabia ya tovuti zenye sifa nzuri kuwakodishia wengine sehemu ya jina lao. Hili la mwisho huwa linanishangaza zaidi, kwa kuwa wakosaji ni magazeti yenye heshima: unafungua habari za siasa, na chini ya anwani hiyohiyo kuna kurasa za kuponi ambazo wahariri hawajawahi kuziona. Walitangaza wakati huo kwamba wanatarajia kupunguza maudhui duni kwa asilimia 40, na baadaye wakasema wamefikia asilimia 45. Aliyepima ni yeye mwenyewe, kwa hiyo kila mtu aipe takwimu hiyo uzito anaouona unafaa.

#16 Sauti ya Chini

Nimewasoma wote, na naona mnatafuta mchawi upande mmoja tu. Mnauliza kwa nini mabaya yanapanda. Mimi nauliza mazuri yako wapi. Mtu aliyejua kuondoa hitilafu fulani, zamani alikuwa anaiandika kwenye blogu yake, na kila mtu aliweza kuipata. Leo anaieleza kwenye kundi la WhatsApp, kwenye Telegram au Discord, au anarekodi video ya dakika ishirini ambayo jibu lake limo katikati. Maarifa hayo roboti ama haiyafikii kabisa ama haiwezi kuyasoma sawasawa. Injini haiwezi kupanga ilichonyimwa. Mkiziondoa takataka zote leo, kwa maswali mengi mtabaki na ukurasa mtupu.

#17 Bi Mkutubi

Hoja ya Sauti ya Chini ina uzito, lakini haielezi kisa cha Fundi Saa. Makala yake nzuri ipo, iko wazi, roboti imeifikia, na bado imewekwa chini ya nakala yake. Hapo tatizo si uhaba.

Ningependa tukumbuke pia kwamba kulikuwa na njia nyingine. Saraka ya Yahoo, yaani orodha ya tovuti kwa mada, iliyoanza mwaka 1994 ilipangwa na binadamu, na saraka ya DMOZ iliyoanza mwaka 1998 iliendeshwa na wahariri wa kujitolea. Zilikuwa na kasoro zake: ilikuwa kawaida tovuti kusubiri muda mrefu kabla ya kukubaliwa, na baadhi ya wahariri walishutumiwa kwa upendeleo. Ya Yahoo ilifungwa Desemba 2014 na DMOZ Machi 2017. Kwa mtu wa maktaba, inasikitisha kwamba kazi ya kuchagua kilicho kizuri ilihesabiwa kuwa gharama.

#18 Jicho la Tatu

Dada Mkutubi angepewa nafasi, intaneti nzima ingekuwa na kadi za katalogi na mtu wa kutunyamazisha mlangoni.

#19 Bi Mkutubi

Na wewe ungekuwa umenunua kisafisha hewa kisicho na kelele.

#20 Lugha Mama

Kuna upande ambao haujaguswa. Katika lugha zenye kurasa chache mtandaoni hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ushindani ni mdogo. Mtu anachukua makala moja duni, anaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, anaichapisha kwa lugha nyingi kwa mkupuo, na katika lugha ndogo inatangulia bila jasho kwa kuwa hakuna nyingine ya kuizuia. Nimesoma kurasa za afya za namna hiyo ambazo vipimo vya dawa vimechanganywa na sentensi hazina mtenda. Maelezo ya Sauti ya Chini yanafaa hapa kuliko mahali pengine popote: uhaba ndio mlango wenyewe. Baadaye kurasa hizo hukusanywa na kutumika kufundisha mitambo ya akili bandia, nayo huzalisha nyingine za aina hiyohiyo.

#21 Mpekuzi

Hapo ndipo ninapotaka kurudi. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, gharama ya kuandika ukurasa wa ovyo imekaribia sifuri. Hata Kalamu Kavu hahitajiki tena. Injini nazo, badala ya kusafisha, zimeanza kuandika majibu zenyewe juu ya matokeo. Majibu ya akili bandia ya Google yalipoanza kutolewa Marekani kwa watu wote Mei 2024, yalimshauri mtu achanganye gundi kwenye piza, na ushauri huo ulifuatiliwa hadi kwenye mzaha wa miaka mingi uliopita wa mtumiaji wa Reddit. Mtambo uliopewa kazi ya kutuepusha na takataka ukatusomea takataka kwa sauti ya mtaalamu. Na ni rahisi kuona nani anafaidika msomaji asipoondoka kwenye ukurasa wa injini.

#22 Fundi Seva

Ushauri wa gundi ulisababishwa na mtambo kushindwa kutofautisha mzaha na maelekezo. Hilo ni kosa la upimaji, si la tamaa, unanisaidia mimi.

#23 Mgeni Mwema

Wakati wakubwa mnaendelea kuvutana, sisi wa kawaida tufanye nini? Juzi nilitafuta kiendeshi cha printa, nikakuta kurasa zenye vitufe vinne vya "Pakua", na nahisi vitatu kati yake vingeniletea balaa.

#24 Mzee wa Faharasa

Kwa viendeshi, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji moja kwa moja na usipitie matokeo ya utafutaji kabisa. Kwa mengine, weka maneno mahususi ndani ya alama za nukuu, tumia alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, na andika site: ikifuatiwa na anwani unayoiamini. Google pia ina kichujio cha "Wavuti" kilichotolewa Mei 2024, kinachoondoa majibu ya akili bandia na kubakiza viungo. Wapo wanaoongeza before:2022 ili wapate kurasa za kabla ya mafuriko.

#25 Kalamu Kavu

Hiyo ya tarehe msiitegemee sana. Tulikuwa tunabadilisha tarehe ya makala bila kugusa maandishi ili ionekane mpya, na hakuna kinachomzuia mtu kuirudisha nyuma. Mimi sasa natumia injini ya kulipia, Kagi, ambayo inaniruhusu kuishusha au kuifungia tovuti nisiyoitaka. Asiyetaka kulipa anaweza kuweka nyongeza ya kivinjari iitwayo uBlacklist, inayofanya kazi kwenye Chrome, Firefox na Safari. Unaandika anwani mara moja, na tovuti hiyo haionekani tena kwenye matokeo yako. Inaruhusu pia kujiunga na orodha zilizoandaliwa na watu wengine. Wadau wakipenda, naweza kuanzisha orodha yetu, kwa kuwa nyingi kati ya tovuti hizo nazifahamu kwa ndani.

#26 Jicho la Tatu

Naunga mkono hoja. Nina za kuanzia.

#27 Fundi Saa

Nami nipo tayari kuchangia, kwa sharti moja: atakayeandaa orodha hiyo asome anwani kwa makini kabla ya kuifungia, maana tovuti yangu na ile iliyoninakili zina maandishi na picha zilezile, na anayezitazama kwa haraka ataamini kwamba mwizi ni mimi.